Draiva ya Mashine ya Masikio

Andendekisye, fundi kompyuta wa hapa Iyunga, ni mbishi kama mafundi wote ninaowajua. Kompyuta ya kliniki ninayofanyia uuguzi ilipowekewa Windows mpya, mashine ya kupimia masikio ikahitaji draiva mpya, yaani programu ya kuiunganisha na kompyuta. Akaiweka. Mama yake alikuwa amemletea ndizi za mchana, nikamwomba atusaidie kujaribu: avae hedifoni, abonyeze kitufe kila akisikia mlio.

Hakubonyeza.

Andendekisye akaifuta draiva, akaiweka tena, akazima kompyuta na kuiwasha. Mama akatabasamu tu.

"Draiva hii jeuri," Andendekisye akasema.

Nikamvalisha yeye hedifoni. Mlio ukamshtua.

Akachuchumaa mbele ya mama yake. "Mama, husikii tangu lini?"

"Siku nyingi. Ila wewe nakusoma mdomoni, baba."

Siku hizi nikipita kwao jioni namwona akirudi kutoka kazini. Akimkuta mama yake amempa mgongo, hamwamkii. Anazunguka kwanza, anasimama mbele yake, ndipo anasema shikamoo.