Mume Mwenye Majina Mawili na Pasipoti Moja

Usiku mume wangu alipopewa jina lake la utu uzima, mlima wetu wa moto, Wilis, ulipiga chafya. Watu wa mjini waliosoma watakwambia Wilis umelala tangu enzi na enzi, haujakohoa hata mara moja. Wao hawakuwepo. Mimi nilikuwepo, tena nimekalishwa mbele ya watu wote, nimepakwa poda mpaka nyusi zimepotea, maana ilikuwa harusi yangu.

Asubuhi ya siku ile karani wa ndoa alikuja na baiskeli, akaandika kwenye cheti kwamba Katinem ameolewa na Tukiran, akala akashiba, akaenda zake. Jioni, majirani walipokwisha kujipanga mkekani, baba yangu akasema kijana huyu sasa ana nyumba yake, haifai kuendelea kumwita kwa jina la kuchungia bata. Kuanzia leo ni Martodikromo. Wazee wakaitikia, sahani za uji mwekundu na mweupe zikazungushwa, ule mwekundu wa sukari ya mnazi na ule mweupe wa tui, kila mtu akala, na Tukiran akawa amekwisha. Kesho yake shangazi yangu alijisahau akamwita kwa jina la zamani, mama akamkanyaga mguu mpaka akatoa machozi.

Ndivyo tulivyokuwa tukifanya kwetu. Siku hizi mtoto anazaliwa na jina refu kama gari moshi na anakufa nalo hilohilo. Sisi tulivua jina la utoto kama kaptula iliyobana. Na serikali ilipokuja kugawa vitambulisho, tulisema Martodikromo bila kufikiri mara mbili. Nani angekumbuka kwamba chini ya sanduku, ndani ya sarongi ya harusi iliyokunjwa, kuna cheti kinachosema mambo mengine?

Marto wangu alikuwa mchunga bata. Baada ya mavuno aliwatoa bata wake akatembea nao shamba kwa shamba, wakiokota mpunga uliodondoka, na jioni alirudi miguu imejaa tope, anapiga mluzi. Bata walimtii kuliko wanangu walivyonitii mimi. Aliwahi kuwavusha barabara kuu, na basi la kwenda Madiun likasimama, dereva akavua kofia. Hakuwa msemaji. Jambo moja tu alilihadithia kwa kirefu, nalo ni sikio lake la kushoto. Lilikuwa na pengo kwa juu, kama jani lililoliwa na kiwavi. Alisema aling'atwa na chui milia wa Wilis alipokuwa mtoto. Mimi nikaongeza kwamba naye alimng'ata chui, na chui akaondoka analia. Hadithi ile tuliipika pamoja miaka mingi, kila mwaka tukiitia chumvi kidogo, mpaka wajukuu wakawa wanawaleta rafiki zao kuja kulitazama sikio.

Sasa, alikuwa na dada mmoja tu, Tumirah. Ndiye aliyembeba mgongoni mama yao alipofariki. Marto alipokuwa bado mtoto wa kuoga mtoni uchi, Tumirah aliolewa, akafuatana na mumewe kwenda Johor, ng'ambo ya bahari, kulima minazi na mpira huko Batu Pahat. Akaondoka na kifurushi kimoja. Hakurudi tena. Zilikuja barua mbili tatu, halafu kimya. Tulimhesabu kuwa amekufa, tukamsomea dua kila mwaka kabla ya mfungo.

Mpaka mjukuu wetu Winarsih alipopata kazi kiwandani kule Johor. Siku moja akapanga foleni kununua tempe, vile vipande vya soya iliyochachushwa, akamsikia bikizee nyuma yake akilalamika kwa Kijawa cha kwetu, kile cha chini ya Wilis, kwamba tempe ile imekaa kama sifongo. Wakaulizana kwao wapi, ukoo gani. Jioni ile simu ya Winarsih ikaita nyumbani kwangu.

Nilimpa Marto simu. Akaishika kwa mikono miwili kama anashika kifaranga. Sauti ya huko ikauliza nani anazungumza.

"Martodikromo," akasema.

"Simjui mtu huyo," sauti ikasema. "Mimi ndugu yangu anaitwa Tukiran. Mkishampata ndiyo mnipigie."

Akakata. Marto akakaa na simu sikioni, kwenye lile pengo, mpaka nilipomnyang'anya.

Winarsih akatwambia dada hawezi kusafiri tena, miguu imevimba, na mwaka ule alikuwa amelazwa hospitali. Akasema atatulipia ndege ya kutoka Surabaya, twende sikukuu ya Idi tukapumzike kwa Dada, tutafute tu pasipoti. Marto hakuwahi kuomba kitu maishani. Usiku ule alisema, akiwa amenipa mgongo, "Nataka kumwona kabla hajaondoka." Basi. Akalala. Au alijifanya kulala.

Yangu haikuwa na shida. Cheti kinasema Katinem, kitambulisho kinasema Katinem, sisi wanawake tulibadilishiwa jina midomoni tu, tukaitwa mke wa fulani. Lakini Marto hakuwa na cheti cha kuzaliwa wala cha shule, alikuwa na cheti cha ndoa peke yake. Binti wa uhamiaji pale Ponorogo, mtoto mzuri, mpole, ana kidoti shavuni, akaviweka kitambulisho na cheti pamoja, akavitazama, akanitazama.

"Bibi, hapa umeolewa na Tukiran. Na huyu babu uliyekuja naye ni Martodikromo."

"Ndiyo huyohuyo, mwanangu."

"Karatasi hazisemi hivyo, Bibi."

"Basi karatasi zinasema nimeishi miaka yote hii na mwanaume asiye wangu," nikamwambia, "nikazaa naye na watoto. Na mimi nilikuwa najiuliza mbona anakoroma kama mgeni."

Alicheka mpaka akafunika mdomo, lakini pasipoti hakutoa. Akatueleza taratibu, mara mbili, bila kuchoka: twende mahakamani, hakimu aseme kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja, na tulete mashahidi wawili wasio ndugu, waliokuwepo jina lilipobadilishwa.

Waliokuwepo! Nyumbani tulikaa barazani tukaanza kuwakumbuka mmoja mmoja, na kila tuliyemtaja yuko makaburini. Mpiga upatu, amekufa. Imamu, amekufa. Yule bwana mnene aliyevunja kiti, amekufa yeye na kiti chake. Ilikuwa kama kuzima taa za harusi yangu moja baada ya nyingine. Akabaki Paniyem, aliyeupika ule uji, hana meno ila akili timamu. Huyo mmoja.

Wa pili nilimjua. Marto naye alimjua, ndiyo maana alianza kuchokonoa kucha.

Jemadi alinichumbia kabla ya Marto. Baba alimkataa kwa kuwa alipenda kuwapiganisha majogoo. Tangu hapo, mtu yeyote akizungumzia harusi yetu, Jemadi husema siku ile yeye alikuwa mnadani Trenggalek anauza ng'ombe, wala hakujua kama kuna harusi. Kijiji kizima kinamjua ng'ombe yule kwa rangi. Kila mwaka alinenepa, mpaka mwisho ilibidi anunuliwe na watu wanne.

Nikamwendea. Alikuwa anaosha kizimba cha tetere wake, hakugeuka.

"Mke wa Marto amepotea njia," akasema.

Nikamweleza habari ya dada, pasipoti, hakimu. Akaendelea kusugua. Akasema ni jambo la kusikitisha, lakini yeye siku ile alikuwa Trenggalek.

"Jemadi, nilikuona."

"Uliona kivuli. Ulikuwa na poda machoni."

"Kivuli gani kinarudia sahani? Ulisimama nyuma ya jiko, kwenye ule ukuta wa mianzi uliotoboka, ukala uji mwekundu, ukaomba na mweupe. Nimekaa kimya miaka yote hii. Ng'ombe wako nimemlisha mimi kwa kunyamaza kwangu."

Akatia maji kwenye kikombe cha ndege. Yakamwagika.

"Unataka nikasimame mbele ya watu niseme nilikula uji wa harusi yako," akasema, "halafu nirudi nikae mkahawani na nani?"

Nilimwambia tu Marto hajui kama nimekuja, na hiyo ni kweli. Nikaondoka.

Siku ya mahakama tulikuwa na Paniyem tu, amevaa batiki iliyonuka karafuu. Hakimu alikuwa kijana, miwani yake ilikuwa na umri kumzidi. Alimsikiliza Paniyem vizuri, kisha akauliza shahidi wa pili yuko wapi. Marto akasimama kusema hayupo. Ndipo mlango ukafunguliwa, Jemadi akaingia na kofia yake nyeusi na shati la Idi, na nyuma yake nusu ya watu wa mkahawa wetu, waliokuja kumtazama kwa vile alikataa kusema anakwenda wapi.

Akaapa. Hakimu akamuuliza kama alikuwepo jioni ile.

"Nilikuwepo."

Nyuma mtu akanong'ona, na ng'ombe je? Akanyamazishwa.

"Ulikuwa umekaa wapi, Mzee?"

"Nilisimama. Nyuma ya jiko. Nilisikia baba yake bibi harusi akisema Tukiran sasa ni Martodikromo, nikala uji. Ule mweupe ulikuwa umeungua."

"Haukuungua," Paniyem akasema kutoka benchini.

Hakimu akamwomba Paniyem atulie. Kisha akauliza, nadhani kwa udadisi tu, kwa nini mtu aliyealikwa harusini asimame nyuma ya jiko.

Jemadi akaishika kofia yake. "Kwa sababu mbele alikuwa amekaa Katinem," akasema.

Pale mahakamani hata feni ilisimama, na hiyo si chumvi yangu. Hakimu akainamisha kichwa akaandika. Jina langu la usichana halikuwa limetoka kinywani mwa mwanaume huyo tangu nilipokuwa na kiuno. Tulipotoka nje Marto alimwendea, nikadhani watapigana uzee ule. Akamwambia, "Ulioungua ni mwekundu." Jemadi akasema siyo, ni mweupe. Wakashuka ngazi wanabishana.

Pasipoti ikatoka. Kwenye picha walimtaka aonyeshe masikio yote mawili na asicheke, kwa hiyo pengo la chui likaingia kwenye kitabu cha serikali.

Batu Pahat tulifika sikukuu mosi, baada ya swala. Dada Tumirah alikuwa amekaa kwenye kiti cha nailoni, mdogo kama mtoto, macho yamekuwa na ukungu. Marto akapiga magoti mbele yake kuomba radhi ya Idi, kama desturi. Winarsih akasema, "Bibi, huyu hapa ndugu yako." Akamwekea ile pasipoti mpya mkononi, aone jinsi tulivyoihangaikia.

Dada akaipapasa, akaiweka pembeni kwenye sahani ya ketupat, ule wali wa sikukuu uliofungwa kwa majani.

"Hiki mtu yeyote anaweza kupewa," akasema. "Leta kichwa."

Akalivuta sikio la kushoto kwa vidole viwili, akapita juu taratibu, akafika kwenye pengo. Akabaki hapo.

"Bata bukini wa Mzee Karso," akasema. "Nilikukataza usimshike mkia. Ulinisikia?"

Winarsih akanigeukia mimi. Chui wetu wa miaka yote akafia pale, kwa kung'atwa na bata. Marto alikuwa anatikisa mabega, sikujua anacheka au analia, naye kwa hakika hakujua.

"Sikukusikia, Dada," akasema.

Alasiri wawili wale walilala mkeka mmoja barazani. Jua lilipopungua Dada akaamka, akamsukuma kwa kiwiko. "Tukiran, nenda ukaoge kabla giza halijaingia."

Mume wangu, babu wa watu, akachukua taulo akaenda.