Samaki wa Mvua na Ukuta wa Akina Mama

Mvua ya kwanza ya Novemba mwaka jana ilipopiga mabati ya nyumba yangu hapa Mumbuni, niliacha sare ya shule ya mteja ikiwa imebanwa chini ya sindano ya cherehani, nikatoka nje kunusa. Kama ulilelewa sehemu zetu utanielewa. Vumbi likilowa lina harufu yake, na harufu hiyo haijawahi kunipeleka kwingine ila kwenye kijito cha nyumbani kwa nyanya yangu, huko Wamunyu, mahali nilipokulia. Ila mwaka jana harufu ilinikuta na wasiwasi. Kule kijitoni kulikuwa na ukuta uliokatwa, na jirani yetu wa siku nyingi alikuwa ameweka jina lake rehani kwa ajili ya huo ukuta. Mvua ndiyo ingesema kama alifanya vizuri au vibaya.

Ngoja nianze mbali kidogo, maana ukuta huo haukuwepo tulipokuwa wadogo.

Kijito chetu ni cha mchanga. Miezi mingi ungekivuka na viatu vya kanisani usivichafue. Huko juu, karibu na kilima, kulikuwa na vidimbwi vya mawe ambavyo havikaukagi, lakini huku kwetu ulikuwa mchanga mtupu, moto wa kuchoma nyayo. Halafu Novemba inafika, maji mekundu yanashuka yakinguruma na kubeba matawi, na siku moja au mbili baadaye, yakishatulia, wanakuja kuyu. Walikuwa samaki wa Mto Athi, wenye magamba makubwa yenye rangi ya shaba, wamejaa mayai mpaka matumbo yamelegea. Walipanda kijito chetu kwenda kutaga kwenye vile vidimbwi vya juu. Tuliwasikia kabla ya kuwaona, chapa, chapa, chapa, wakijipigapiga katikati ya mawe. Nyanya alikuwa akiacha kutwanga muthokoi, yale mahindi ya kukoboa kwa mchi, anatuita, na sisi tunakimbia tukiwa na pumba za mahindi hadi kwenye nyusi.

Usifikiri tuliitwa kwenda kuvua. Nyanya alizaliwa karibu na mto mkubwa, na kwao kulikuwa na sheria moja: kuyu anayepanda haguswi. Anayeshuka, mvua zikipungua, huyo ni halali yako, chukua kiondo kikuukuu umteke. Alisimama ukingoni na mchi wake begani kama askari wa benki, na mtoto aliyeinama kushika samaki aliinuka haraka sana. "Huyo ako safarini," alituambia. "Wewe ukienda kwa nyanya yako unataka kushikwa njiani?" Tulikuwa tunacheka, lakini mikono tuliiweka nyuma.

Walipoanza kushuka, sasa hapo ilikuwa sherehe. Nyanya aliwachemsha na nyanya za shambani na kitunguu, akawaacha wanywe mchuzi mpaka miiba ilainike, na tulikula kwa ugali kimya kimya kwa sababu ya kuogopa hiyo miiba. Majirani wengi hawakula. Wakamba wa upande wetu wakati ule samaki walimweka kundi moja na nyoka. Jirani niliyemtaja, ambaye siku hizo alikuwa bibi harusi mgeni, alikuwa akipita kwetu na leso puani. "Mama, nyinyi mnakula nyoka kweli?" alimuuliza nyanya. Nyanya alimjibu kwamba nyoka hana mchuzi mtamu namna hii, akaendelea kulamba vidole.

Kisha ukaja ukame ambao hata leo watu wazima hawapendi kuuzungumzia. Ng'ombe walikufa wakiwa wamesimama. Akina mama walitoka nyumbani kabla ya jua na kurudi mchana na mtungi mmoja wa maji. Ukame ulipokwisha, wakakaa chini, wakaunda mwethya, ile kazi ya pamoja yetu, leo kwako kesho kwangu. Waliamua kujenga ukuta wa mawe na simiti katikati ya kijito, ili mafuriko yakishuka yaache mchanga nyuma yake na mchanga ufiche maji. Nakumbuka mstari wa wanawake kutoka kilimani hadi kijitoni, mawe yakipita mkono kwa mkono, mmoja anaanza wimbo, wengine wanaupokea, na vumbi limewafanya wote kuwa wa rangi moja. Nyanya alikuwa kwenye mstari huo. Alibeba mawe makubwa kuliko umri wake na hakutaka kusaidiwa.

Ukuta ulifanya kazi. Mpaka leo, ukichimba shimo kwenye ule mchanga wakati wa kiangazi unapata maji safi, baridi, na sijui ni watoto wangapi walioenda shule kwa sababu mama zao hawakushinda njiani. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza kuhusu kuyu. Novemba ilifuata Novemba na wakawa hawaonekani huku kwetu, juu ya ukuta, tukasema mto umechafuka, tukasema viwanda, tukasema ni dunia kuharibika. Hata nyanya, ambaye angekuchapa kwa samaki mmoja, hakuwahi kufikiri kwamba yale mawe aliyoyabeba ndiyo yaliyowafungia njia. Nikilifikiria hilo huwa nahuzunika, halafu nacheka kidogo, kwa sababu ningekuwa mimi pia nisingefikiri.

Aliyefikiri ni mwalimu wetu wa darasa la sita. Alipostaafu alishika ndoana, akajiunga na wenzake wa Jumapili, watu wa ofisini na viwandani wanaotoka mjini na vikapu vya chapati na kofia kubwa, kwenda kukaa kando ya Athi siku nzima. Miaka ilivyokwenda walikuwa wanarudi na chapati zilizoliwa na kikapu kitupu. Ila Novemba waligundua mahali pazuri: chini ya ukuta wetu. Kuyu walikusanyika hapo wakijigonga kwenye simiti, na ukitupa ndoana hukai dakika. Mwalimu aliniambia kwamba siku moja alimpasua mmoja nyumbani, mayai yakamwagika kwenye ubao wote, akakosa hamu ya kula. Tangu hapo aliwaomba wenzake waache kuvua pale Novemba. Wengine walinuna. Walipokubali, wakataka zaidi: walitaka kupunguza ukuta upande mmoja tu, kina cha mkono mpaka kiwiko, wajenge ngazi ya kuyu kupandia.

Nilikuwepo walipokuja kuomba, maana mwalimu alinibeba kama shahidi wa zamani. Jirani yule wa leso puani sasa ndiye mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, nywele nyeupe, sauti ile ile.

"Mwalimu, hii ukuta tulijenga na mgongo," alisema. "Wewe wakati huo ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa darasani, mwaitu, nikifundisha watoto wenu," alijibu, akimwita mama kwa Kikamba.

"Na hiyo maji ikiisha, hawa wamama nitawaambia nini? Ati nilipea samaki?"

Mwanamke mmoja nyuma akasema sisi tuko na ng'ombe na wajukuu, samaki wako na mto mzima. Watu walipiga makofi. Mwalimu alitazama viatu vyake. Mimi nikaeleza nilivyokumbuka, ile chapa chapa, nyanya na mchi wake. Jirani alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, polepole, kwamba yeye alipokuja hapa akiwa mgeni asiyejua hata njia ya kisima, nyanya yangu ndiye aliyemshika mkono. "Wakate kidogo," alisema. "Maji ikipungua, mimi ndio nitatoka kwa kiti, na nitachotea kila boma mpaka mvua irudi." Wenzake walimwangalia kama mtu aliyeuza shamba. Umri ule, na magoti yale.

Watu wa ndoana walichanga, wakaleta fundi kutoka mjini. Fundi huyo alikuwa stadi, hilo simnyang'anyi, lakini alikuwa na ugonjwa wa mafundi wetu: hawezi kuacha kitu bila kukipiga plasta. Ngazi aliyotujengea ungeweza kulala juu yake. Aliipitisha mwiko, akaipitisha tena, akaimwagia maji jioni ili isipasuke, na sote tulisimama pale tukaisifu, mwalimu akiwa mbele. Mtaa mzima wa mjini usingekuwa na veranda kama ile.

Sasa turudi kwenye ile mvua. Kesho yake asubuhi nilikuwa Wamunyu. Maji yalikuwa yameanza kutulia na ukingoni wamejaa watu wa ndoana bila ndoana, na akina mama wamekunja mikono. Kuyu walikuja. Niliwasikia kabla sijawaona, na nywele zilinisimama, kwa sababu ilikuwa sauti ile ile. Waliifikia ngazi, wakajirusha, na maji yaliyoteleza kwenye plasta ya fundi yakawateremsha chini. Mmoja baada ya mwingine, anapanda kidogo, anateleza, anarudi. Samaki walikosa hata pa kushika pumzi.

"Haya basi," mama mmoja alisema. "Ukuta umekatwa bure."

Jirani alinisogelea. Aliufunga mkono wangu ndani ya wake. Niliona uchungu hata sikutaka kumtazama usoni. Nikabaki kuangalia maji, na hapo nikaona kilichokosekana. Kuyu wa utotoni hawakuwa wakipanda moja kwa moja. Walikuwa wakijificha nyuma ya jiwe, wanatulia, wanaruka hadi nyuma ya jiwe lingine. Kijito cha zamani kilikuwa kibaya, kimejaa mawe ovyo. Nikamwambia mwalimu, naye akapiga paji lake la uso.

Fundi, alipoambiwa abomoe plasta ili tupandikize mawe, alikataa katakata. "Madam, siwezi kuharibu kazi yangu na tindo yangu." Ilibidi mwalimu ampeleke kando, na sijui alimwambia nini, ila alirudi amenuna na tindo mkononi. Maji yaligeuzwa kwa magunia ya mchanga. Kisha jirani akapandisha leso yake juu ya magoti, akashuka kijitoni, akaokota jiwe. Hakumwambia mtu aje. Mama wa kwanza kumfuata alikuwa yule yule aliyesema bure. Punde kukawa na mstari, na katikati ya wale wanawake kulikuwa na wanaume wa ofisini wenye kofia kubwa wakipokea mawe na kujaribu kuitikia wimbo wasioujua. Walipandikiza mawe kwenye simiti mbichi, moja huku, moja kule, bila mpango wa kupendeza macho. Fundi alisimama pembeni akiangalia kama mtu aliye msibani.

Mvua iliyofuata ilikuja simiti ikiwa imekauka. Kuyu wa kwanza alijirusha, akapotea nyuma ya jiwe. Tukangoja. Akatokea juu yake, akapotea tena. Alipovuka ukingo wa ukuta na kuchapa mkia kwenye maji yaliyotulia, akina mama walisogea ukingoni. Mwalimu alivua kofia. Wakafuata wengine, wengi, mgongo kwa mgongo, na mimi nililia bila kujificha, kwa raha. Wajukuu wa jirani waliuliza wale ni wanyama gani.

Lakini hadithi ya jirani ilikuwa haijaisha, na yeye alijua. Mvua zilikatika, Januari ikapita, jua likarudi kazini. Februari alinipigia simu kwamba anaenda kuchimba shimo la kwanza, na kwamba hataki kwenda peke yake. Tulikuta wanawake wote wameshafika, mitungi imepangwa. Alipiga magoti kwenye mchanga akaanza kuchota kwa bakuli. Mchanga mkavu, mkavu, kisha wenye unyevu. Ukuta ulipokuwa mzima, mwezi kama huo maji yalikuwa yanatokea mkono ukizama hadi begani. Yake yalitokea kabla ya kiwiko, yakajaa taratibu, meupe kwanza, kisha safi.

Alikaa chini pale pale kwenye mchanga, miguu imenyooka mbele, akapumua. Nyanya hayupo, wenye ule wimbo wa kwanza wamebaki wachache, na mlio wa mchi asubuhi hausikiki tena, siku hizi muthokoi unanunuliwa dukani Tala ukiwa umeshakobolewa. Jirani alijaza mtungi wake mpaka mdomoni, akauinua, akamkabidhi yule mama wa bure.

"Chukua," alisema. "Hii ya leo tu. Kesho utajichotea."