Sufu Nyekundu, Sufu Nyeupe

Ijumaa ile ilikuwa zamu yangu kufundisha. Kikundi chetu cha Wakenya kilikutana kwenye fleti moja huku Uarabuni, mtaa wa Al Barsha, na mchungaji, aliyesomea Kigiriki cha Biblia, alikuwa amenipa neno moja tu: erion, yaani sufu. Katika Agano Jipya limetajwa mara mbili. Katika Waraka kwa Waebrania ni sufu nyekundu, iliyochovywa kwenye damu ili kuwanyunyizia watu. Katika Ufunuo ni nyeupe, na nywele za Bwana zinafananishwa nayo. Alhamisi asubuhi nilikuwa nalirudia somo huku nakata vitunguu, najiona mwalimu kabisa, ndipo msichana mwenzangu wa kazi akaingia jikoni ameshika shali ya madam.

Shali ya sufu nyeupe, aliyoachiwa na marehemu mama yake. Sasa ilikuwa ya waridi, imesinyaa hata mtoto isingemfunika.

"Dada, nimeisha," akasema.

Msichana alikuwa mgeni bado pale nyumbani kwa madam, Al Warqa. Mama yake alimfumia sweta jekundu la sufu, maana kwetu milimani ukisafiri lazima ubebe sweta, hata kama unaenda jangwani. Basi amelitumbukiza kwenye mashine pamoja na shali, kwa maji ya moto. Na nilimwambia, jamani, nilimwambia hadi nikachoka: nguo zetu hazigusi mashine ya madam, tunafua kwa beseni nyuma ya nyumba. Aliyemtangulia alirudishwa kwao kwa sababu ya soksi. Nilitaka kumzaba kofi. Halafu nikaona anavyoivutavuta shali irudi ukubwa wake, hasira ikaniisha nusu.

Madam akaingia. Aliitazama shali, akaliinua sweta kwa vidole viwili.

"Hili la nani?"

Msichana akafungua mdomo. Nilijua akikiri tu, kafeel, yaani mwajiri mwenye viza zetu, atampandisha ndege arudi kwao. Mimi nilikuwa nimewalea watoto wa nyumba ile tangu wakitambaa, huenda wangenivumilia. Sikuwa na hakika.

"Langu, madam."

"Wewe? Wewe unajua sheria."

"Nilisahau, madam."

Alinikazia macho. "Hakuna kutoka Ijumaa, mpaka niseme. Na hili litupe. Sasa hivi. Khalas."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nimeshasema sweta ni langu, ningelitetea vipi? Nikalibeba hadi pipa la barabarani, madam amesimama mlangoni, msichana nyuma yake ameuma mdomo. Nikalitupa. Lilikuwa bado linachuruzika, na rangi ikanibaki viganjani.

Somo langu lilifundishwa na mtu mwingine. Ijumaa hiyo mchana nilikuwa napiga pasi, msichana kando yangu akaongea na kwao kwa simu. Sauti ya mama yake ilinifikia pale nilipokuwa: nasikia huko nyumba zina baridi ya mashine, sweta unalivaa?

"Navaa, mama," akasema, macho yake kwangu. "Lina joto sana."