Nilichomwambia Shemasi Kabla ya Meza ya Bwana

Anayenijua ananijua kwa mdomo. Nilizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, wazazi wangu wakiwa wakimbizi, na niliporudi kuishi hapa Gisenyi, kwetu Rwanda, nilirudi na cherehani yangu na ulimi usiojua kukaa kimya. Kwa hiyo nitasema bila kupaka sukari: kuna mwanamke kanisani kwetu niliyemchukia kwa moyo wangu wote. Nilimchukia nikiwa nimeokoka, nimebatizwa ziwani, na ninaimba kwaya ya akina mama kila Jumapili.

Mwanamke huyo ni shemasi. Alirudi kutoka Masisi, Kongo, na ndiye anayeandaa Meza ya Bwana. Anapiga pasi kitambaa cheupe, anakata mkate vipande vidogo, anapanga sahani, na ole wako uguse kitu. Ukichelewa maombi, ukicheka wakati wa mahubiri, ukivaa sketi isiyompendeza, atakwambia neno lake lile lile: "Mungu wetu iko mutakatifu, dada." Hasemi kwa ukali. Anasema taratibu, kama mtu anayekuonyesha doa kwenye nguo yako.

Kanisani kwetu ndoa inatangazwa Jumapili tatu. Kila mara mchungaji anauliza kama kuna mwenye kizuizi asimame aseme. Kwa kawaida hakuna anayesimama. Watu wanageuka kumtazama bibi harusi, vijana wanakohoa kwa utani, mambo yanaendelea. Binti yangu alipotangazwa mara ya tatu, wakwe walikuwa wamekuja kutoka Kanzenze, wazee wamevaa suti, akina mama wamependeza. Shemasi akasimama. Akasema binti yangu ana mimba, na kwamba gauni jeupe na shela katika hali ile ni uongo mbele za Mungu. Akamaliza na neno lake, akakaa, akajifunga kitenge chake vizuri.

Ilikuwa kweli. Sibishani na hilo, na dhambi ni dhambi. Lakini Bwana Yesu alisema, ndugu yako akikukosea, nenda ukamwonye ninyi wawili peke yenu. Nyumba yangu iko nyuma ya ghala la viazi vinavyoshuka kutoka Mudende, na shemasi anapita hapo kila siku akienda sokoni. Angegonga mlango. Angeniita pembeni, akaninong'oneza, tukalia wote wawili tukamtafutia mtoto njia. Hakugonga.

Wakwe waliondoka bila hata kunywa soda. Kijana mwenyewe akakimbilia Kampala, na hadi leo hatujui anaishi wapi. Binti yangu akatengwa na kanisa: haimbi, hagusi Meza, anakaa nyuma. Alipojifungua, alisimama mbele ya watu wote na mtoto mgongoni akatubu, wakampokea kwa makofi na vigelegele. Mimi sikupiga makofi. Nilimtazama shemasi akipiga yake, nikasema moyoni, we mama, siku yako inakuja.

Nikaanza kuomba. Wenzangu katika maombi ya Ijumaa waliombea wagonjwa, biashara, watoto walio ng'ambo. Mimi nilifunga na kuomba Mungu amwaibishe yule mwanamke mbele ya watu wale wale, na nilimwomba kwa machozi, kwa imani, kwa jina la Yesu. Binti yangu alikuwa amekwisha kumsamehe. Anamsalimia, tena anamuuliza habari za nyumbani! Mimi nilikuwa nakaa naye meza moja nikimshangaa. Nilidhani ni udhaifu.

Basi msimu huu wa mvua binti wa shemasi akaja kwangu na gauni la harusi la kukodi. Naye anaolewa, na ameshatangazwa mara mbili. Alitaka nilipanue kiunoni. Nikamwambia avae nione, zipu ikagoma njiani. Jirani yangu alikuwa anakaanga sambaza, wale dagaa wa ziwani, uani, harufu ikaingia dirishani, na yule msichana akaziba mdomo, akakimbia nje na gauni la watu. Aliporudi hakuwa na la kuficha. Alikaa chini kwenye vipande vya vitambaa akaanza kulia.

"Mama, nakuomba," akasema, "usimwambie mama."

Mana yanjye, Mungu wangu! Sitadanganya: nilifurahi. Nilifurahi hadi nikashindwa kutunga uzi. Nilimfuta machozi, nikampa maji, nikamwambia atulie, gauni litatosha. Na kweli nililipanua vizuri, mshono hauonekani hata ukitafuta. Nilitaka avae. Nilitaka afike pale mbele amependeza, mama yake akijivuna kando yake, halafu mchungaji aulize.

Lakini mama hufahamu mtoto wake, na alijua gauni limepitia kwangu. Jumamosi mchana, kesho yake ikiwa Jumapili ya tangazo la mwisho na pia ya Meza ya Bwana, nikasikia hodi. Shemasi! Mlango ambao hakuwahi kuugonga, leo anaugonga kwa vidole viwili. Nilimkaribisha. Nilimwekea kiti, nikamwekea chai, nikakaa nikamngoja aseme mwenyewe.

"Dada, we unajua," akasema.

"Najua nini, mama shemasi?"

"Donc, basi, unataka niseme." Akakiweka kikombe chini. "Mutoto wangu iko na mimba. Bwana yake anamupenda, hatamuacha, lakini wazazi yake wakisikia ile maneno mbele ya watu, ndoa imekufa. Mi nakuomba kwa jina ya Yesu. Unyamaze."

"Na gauni jeupe?" nikamuuliza. "Na shela?"

Akainamisha kichwa. Nami nikanywa chai yangu, taratibu, nikamwambia: "Mungu wetu ni mtakatifu, dada."

Ee, jamani. Nilikuwa nimelala na sentensi hiyo, nimeamka nayo, nimeshona nayo nguo za watu. Ilipotoka ilikuwa tamu kuliko nilivyotarajia. Alisimama, akanishukuru kwa chai ambayo hakuinywa, akaondoka akipita kando ya magunia ya viazi bila kusalimiana na wapakuaji.

Jumapili nilivaa kitenge changu kipya. Binti yangu alikaa kulia kwangu na mtoto wake, na kushoto kwangu alikaa mama mmoja wa kwaya. Wakwe wa shemasi walikuwa wamejaza benchi zima. Mchungaji akawasimamisha maharusi, akasoma tangazo kwa Kinyarwanda, mkalimani akarudia kwa Kiswahili kwa ajili ya watu wa Goma. Kisha akauliza kama kuna mwenye kizuizi.

Nikasimama.

Vichwa vikageuka, na mvua ikasikika juu ya mabati. Binti wa shemasi hakugeuka, ila niliona mabega yake yakipanda, na mkono wake ukatafuta wa mchumba wake ukaukosa. Binti yangu akanivuta kitenge kutoka chini.

"Mama, kaa," akanong'ona. "Yule msichana alikukosea nini?"

Hilo lilinikata. Maneno yote yalikuwa mdomoni, yamepangwa, na yule msichana alikuwa amesimama pale palepale aliposimama mwanangu. Nilimtaka mama yake. Sikuwa na haja na yule binti.

"Mchungaji," nikasema, "na hawa watoto sina neno. Waoane. Mimi nina neno na mama wa bibi harusi, na kila mtu hapa analijua."

Watu wakaguna. Kwetu, kabla ya mkate kupita, mchungaji husimamisha ibada ili mwenye neno na mwenzake wapatane, kwa sababu asiyepatana haruhusiwi kugusa Meza. Wengi huvuka mabenchi wakapeana mikono kwa mambo madogo, kuku aliyeharibu bustani, maneno ya kwaya. Kwa hiyo mchungaji akawakalisha maharusi akasema jambo hilo litamalizwa kwa wakati wake. Baada ya mahubiri akatuita mimi na shemasi mbele, pale pale penye sahani zake na kitambaa chake kilichopigwa pasi.

Nilidhani atajitetea. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, ningemla mzima mzima. Badala yake akapiga magoti, mwili mzito ule, mbele ya wakwe zake.

"Nilisema zambi ya mutoto wake mbele yenu wote," akasema, "na sikuenda kwake kwanza. Nilipita kwa mulango yake kila siku. Niliogopa watasema shemasi anaficha zambi. Nilipenda jina yangu kuliko ule mutoto." Akaniangalia, uso umelowa. "Dada, unisamehe."

Yote niliyoyaomba kwa kufunga, nilipewa. Mbele ya watu, akiwa magotini, bila kubakiza. Waumini walishaanza kusema amina, na mtu wa ngoma alikuwa amenyanyua fimbo zake. Mimi nilisimama pale nikitafuta ndani yangu kitu cha kumpa, na nilichokikuta ni hasira, nzima kabisa, haijapungua hata kidogo.

"Bado," nikasema.

Amina zikakatika. Mchungaji akanishika mkono. "Dada, Bwana alikusamehe mangapi?"

"Mungu mwanawe alimfufua siku ya tatu," nikamjibu. "Wangu mimi nimemsikia akilia tangu mimba hadi mtoto anatembea."

Alinitazama kwa huruma, jambo ambalo lilinikera zaidi. Akasema basi nirudi nikakae, na nisiguse Meza mpaka moyo wangu uwe tayari. Akamwinua shemasi, akamwombea, akamwambia yeye yuko huru. Huru! Nikarudi kwenye benchi nimenyoosha shingo, nikikanyaga kwa nguvu ili wote wasikie kwamba sijutii.

Mkate ukaanza kupita. Shemasi mwenyewe alikula, nikamwona. Sahani ikaja upande wetu, mkono kwa mkono, hadi kwa binti yangu. Akachukua kipande chake. Akaniangalia, akangoja kidogo, macho yake yakiniomba. Nikatazama mbele. Basi akanyoosha mkono juu ya mapaja yangu, sahani ikapita chini ya pua yangu hadi kwa yule mama wa kwaya, kisha akafumba macho, na kwa ule ukimya nikamsikia mwanangu akitafuna.