Kanda ya Kasuku

Ulikuwa mwaka wa mafuriko. Hapana, tusidanganyane, mafuriko yalikuwa mwaka wa nyuma yake. Huu ulikuwa mwaka wa marungu, karakana ya fundi makochi ilipobomolewa. Fundi mwenyewe huichanganya miaka hiyo, na kovu analo kichwani.

Wahuni wa kukodiwa walikuja asubuhi, maana kiwanja kilitakiwa na mkubwa fulani. Wakaanza na watu kabla ya mabati. Fundi alipasuliwa kichwa, rafiki yake mpasua mbao akavunjwa mbavu tatu. Rafiki yao wa tatu, dereva wa lori, aliwasha gari akachomoka. Kule nyuma, mdogo wake mpasua mbao, mtu mzima na ndevu zake, waliyemwita Kasuku kwa kuimba kutwa huku akipiga randa, alikuwa ameshika bodi ya lori, mguu mmoja ndani. Akaanguka. Wakammalizia pale pale chini, kaka yake anaona.

Mpasua mbao akaapa kwamba siku atakayomtia dereva machoni, dereva naye atamfuata Kasuku.

Sasa, marafiki hawa walikuwa na mtindo wao. Kila sikukuu, saa nane mchana, walikutana chumbani kwa fundi, kila mmoja na kanda yake ya nyimbo. Sharti lilikuwa moja: wimbo wa mwenzako huugusi mpaka uishe. Atakayeuzima anabeba kanda yake na kwenda zake, urafiki umekwisha. Hakuna aliyewahi kuuzima, hata mwaka ule dereva alipoleta kwaya iliyoimba kama mbuzi wenye mafua.

Sikukuu ilipokaribia, fundi akawaza: nikiwakosa hawa wawili, nitakaa na nani? Akawaita wote, kila mmoja kwa siri yake. Hapo ndipo alipokosea.

Mpasua mbao alitangulia, akakaa kwenye kochi lisilovikwa kitambaa. Dereva alipoingia tu, alikutana na ngumi. Jino likaruka chini ya kabati. Akabamizwa ukutani mara mbili, picha ya harusi ya fundi ikaanguka na kioo chake. Mpasua mbao akaokota nyundo ya fundi, akainyanyua.

Dereva hakujikinga. Alinyoosha mkono, damu inamtiririka kidevuni, akasukuma kanda ndani ya redio.

Ikatoka sauti ya Kasuku. Alikuwa anaimba ndani ya lori, injini inanguruma, na katikati ya ubeti akacheka: "Punguza mwendo, kaka, nimesahau maneno."

Nyundo ilibaki juu. Kisha ikashuka taratibu mpaka gotini. Mpasua mbao akakaa. Wakasikiliza wote watatu, damu inadondoka kwenye sponji, na fundi akashusha pumzi akidhani yamekwisha.

Wimbo ukaisha. Kanda ikabaki inakwaruza. Mpasua mbao akasimama.

"Mguu wa kukanyagia mafuta ni upi?"

Dereva akanyoosha wa kulia mwenyewe. "Huu hapa, kaka."

Fundi aliurukia mkono wenye nyundo, akala kiwiko juu ya kovu lile lile. Nyundo ikashuka mara ya kwanza, mfupa ukalia kama ubao mkavu. Ikashuka ya pili. Dereva alikuwa ameuma kipande cha sponji, hata hivyo jirani wa nyumba ya pili alimsikia.

Mpasua mbao akairudisha nyundo mahali pake. "Geuza upande wa pili," akasema.

Wakausikiliza mpaka mwisho, fundi akiufunga mguu kwa vipande vya mbao na mikanda ya kochi.

Dereva hakuendesha tena. Sikukuu iliyofuata alikuja na magongo, kanda mfukoni, na mpasua mbao akamsogezea stuli ya kuwekea mguu. Mpaka leo wanakutana. Na kila sikukuu, mpasua mbao akitoka kwenda uani kidogo, fundi humwinamia dereva na kumuuliza lile lile, naye dereva, badala ya kujibu, huongeza sauti ya redio.

"Kwenye kioo cha pembeni cha lori, ndugu yangu. Siku ile ulimwona Kasuku?"