Hina ya Mikono Yote Miwili

Hina iliyokorogwa kwa chai ya rangi na ndimu ina harufu yake, ya majani mabichi na uchachu, na nikiisikia hapa Gitega narudi papo hapo Muyinga, uani kwa Bibi, nikiwa na miaka kumi na mitatu na kiburi cha simu. Ndiyo, kiburi, sifichi. Baba, aliyekuwa akiuza vitambaa, alinipa simu yake ya zamani ya tachi, kioo kimepasuka pembeni, nami nikaenda nayo likizo nikijiona malkia. Zaituni, binti ya shangazi yangu, tulilingana umri na tulilala mkeka mmoja kila likizo. Yeye alishika simu ya mama yake kwa kuomba. Watu wakisema siku hizi kwamba watoto walikuwa wazuri mpaka simu zikawaharibu, mimi hucheka. Ubaya nilikuwa nao mwenyewe, simu ilinirahisishia tu.

Siku moja Zaituni alijifunga kitenge cha mama yake akanionesha jinsi mashangazi wanavyocheza harusini. Akakikanyaga kitenge, akaangukia beseni la mchele. Nilirekodi, nikacheka, nikawatumia rafiki zangu wa Gitega, nao wakatuma kwingine. Haikupita wiki, kichekesho kikarudi Muyinga, na vijana wa sokoni wakawa wanajiangusha chini kila Zaituni akipita. Akaacha kwenda sokoni, akaacha kunisemesha. Nami, unajua nilifanya nini? Yeye akiwa uani na mama yake wanachambua mchele, mimi chumbani, hata hatua kumi hazifiki, nikamwandikia kwenye simu ya mama yake: samahani, na nyuso tatu za kulia. Akajibu kwa kidole gumba. Nikajiambia yamekwisha. Mjinga mie! Jioni ile ile aliuacha mkeka wetu, akatandika wake peke yake. Baada ya Idd nilitakiwa kurudi Gitega, na nikaanza kuogopa kwamba nitaondoka bila ndugu.

Kwetu wasichana hupakwa hina Idd ikiwa kesho, na mpakaji wa nyumba alikuwa Bibi. Hakuuliza nani kamkosea nani. Alitandika mkeka mmoja, akatuketisha tukitazamana, akasema, "Leteni mikono. Yote miwili." Ukishapakwa mpaka kwenye vifundo vya mikono, unakaa mchana kutwa hina ikauke, hushiki kitu, hata chai unanyweshwa. Simu yangu ikaanza kulia dirishani. Ikanyamaza, ikalia tena. Nikainua kiganja. "Iguse uone," Bibi akasema. "Kesho utaenda kusali na mikono ya fundi wa magari." Basi nikabaki na uso wa Zaituni mbele yangu, sina pa kuukimbilia. Nzi akanitua puani. Nikapuliza, nikakunja uso, wapi! Zaituni akanitazama weee, akaniacha niteseke, kisha akainama akampuliza.

Ndipo akasema, "We uliwaonesha watu. Mi nilikuwa nacheza mbele yako we. Hao sikuwaita." Sikuwa na kidole cha kumchorea uso wa kulia. Nililia kwa uso wangu huu huu, makamasi na yote, nikasema samahani mbele ya macho yake, nikairudia kwa sababu ya kwanza haikutoka vizuri. Halafu akanipangusa kwa kiwiko. "Unatisha ukilia," akasema, na tukacheka mpaka Bibi akatishia kutufukuza. Ile video sijui iko kwenye simu za nani hadi leo. Ile samahani anayo Zaituni peke yake.

Sasa mpakaji ni mimi, katika chumba cha mbele cha nyumba yetu Gitega. Wasichana huja kundi zima, wakakaa bega kwa bega, na kila mmoja yuko na watu wasiokuwepo. Wanataka kupakwa mkono mmoja mmoja, ili wa pili ubaki na simu. Wapakaji wengine wamekubali. Mimi nimekataa, na wateja wengine wamenikimbia. Waende! Waniite mshamba, waseme nina kichwa kigumu. Nacho, tena kigumu kweli. Simu ninayo na siichukii, Zaituni hunipigia kila Ijumaa. Lakini kwenye mkeka wangu haipandi. Juzi walikuja wawili wanaosoma darasa moja, wamenuniana, kila mmoja ameinamia kioo chake. Mmoja akaninyooshea mkono wa kushoto tu. Nikamwambia naupaka pamoja na wa kulia. "Mais tantine," akalalamika kwa Kifaransa, yaani lakini shangazi, "simu nitashika na nini?" Nikaichukua simu yake, nikaiweka dirishani pamoja na ya mwenzake, nikawageuza mpaka magoti yao yakagusana.

"Leteni mikono," nikawaambia. "Yote miwili."