Adolphine na Maji Yasiyotoka

Adolphine alikuwa dada mdogo wa marehemu mume wangu, mshonaji, mtu asiyependa maneno ya barabarani. Serikali ya wakati ule ilikuwa imekataza majina ya ubatizo ya Kizungu. Kwenye karatasi alibeba jina la bibi yake, nyumbani alibaki Adolphine. Naandika habari zake kwa sababu mji wetu wa Kindu unazisimulia vibaya.

Aliolewa na Edouard, akakaa miaka bila mtoto, akitokwa damu nyingi. Alikuwa na uvimbe ndani ya tumbo la uzazi. Mama mkwe wake alikuwa amekwisha kumtafutia Edouard msichana wa Kailo. Ndipo akafika hospitalini Daktari Henri, mgeni wa muda mfupi, akiwa na kifaa chembamba cha kukata uvimbe bila kupasua tumbo. Adolphine alijua hakuna nafasi nyingine.

Walimchoma sindano ya mgongo, akabaki macho. Niliitwa kutafsiri Kifaransa. Daktari alieleza kwamba maji ya sukari huingizwa ili kupanua tumbo la uzazi, na lazima yatoke. Yasiyotoka yameingia kwenye damu. Yakizidi, hujaza mapafu na kuvimbisha ubongo. Muuguzi Mwavita alipima yaliyotoka. Kazi yangu ilikuwa kuzungumza na mgonjwa, nisikie kama akili yake inapotea.

Tuliongea juu ya vitambaa. Mwavita akasema yanayorudi yamepungua mno. Daktari akasita, nikamweleza Adolphine kwamba huenda kazi ikaachwa.

“Mama Safi, umerudi toka Kalima?” akaniuliza. “Umwambie huyu muzungu amalize. Hata nikufe, amalize.”

Nilitafsiri yote: ombi lake, na kwamba ananiita Mama Safi, mama yake aliyekufa zamani. Daktari akachomoa kifaa. Uvimbe ulibaki nusu.

Nje, mama mkwe alipoambiwa kazi imeachwa, alicheka. “Nani atanunua mbuzi wa kuchunwa nusu? Aliogopa, njo maana.”

Adolphine alipona maji yale. Edouard alioa msichana wa Kailo. Adolphine akarudi kwetu. Daktari hakuja tena. Damu ilimrudia, ikammaliza polepole.

Kwenye msiba, mama mkwe aliwaambia wanawake wenzake mkekani kwamba marehemu aliogopa chuma cha daktari. Nikasimama.

“Mama, mimi nilikuwa ndani. Aliomba akatwe mpaka mwisho, hata kama ni kufa. Aliyeacha ni daktari, ndiyo maana mlimpokea akiwa hai.”

Alifunga kitambaa chake, akaondoka bila kula.